Nani Yuko Zamu Jua Likizama?

Njiti nne za kiberiti zinapangwa mezani kwa umbo fulani. Mzee anaziangalia, kisha anapewa njiti zake nne apange vile vile. Hakuna kalamu wala karatasi, na asiyejua kusoma hana cha kuogopa. Akimaliza anaulizwa daraja ni nini, leo ni siku gani, na kiongozi wa kijiji anaitwa nani. Anasomewa maneno kumi ayakumbuke baadaye. Halafu anapewa dakika moja ataje wanyama wengi kadiri awezavyo. Mzee wa Bunda, aliyekulia ubavuni mwa Serengeti, angetarajiwa kumaliza dakika hiyo huku nyumbu na pofu bado wamebaki mfukoni. Akikwama baada ya ng'ombe na mbuzi, mpimaji anaandika.

Kipimo hicho cha akili ya wazee huitwa IDEA. Kilizaliwa wilayani Hai, Kilimanjaro, kwa ushirikiano wa watafiti wa Tanzania na Uingereza, kikachapishwa mwaka 2014, na baadaye kikajaribiwa Nigeria pia. Vipimo vilivyotangulia vya Ulaya na Marekani humtaka mgonjwa aandike sentensi na kunakili michoro, jambo linalomwangusha bibi asiyewahi kuingia darasani hata kama akili yake inakata kama wembe. IDEA ina alama 15, na anayepata 7 au chini ya hapo anapelekwa kwa daktari achunguzwe zaidi. Kabla ya hapo, mwaka 2009 na 2010, watafiti walikuwa wamewapitia watu 1,198 wa Hai wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, walikadiria kuwa asilimia 6.4 walikuwa na demensia, ugonjwa wa kusahau unaoharibu pia uamuzi, lugha na mwenendo.

Kilimanjaro si Mara, mkoa wa Bunda, lakini ubongo ni ule ule. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 57 walikuwa wakiishi na demensia mwaka 2021, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Aina kubwa ni Alzheimer, ambayo huchukua asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa. Protini zisizotakiwa hurundikana ndani na nje ya seli za ubongo, na mara nyingi uharibifu huanzia sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya. Ndiyo maana mzee husahau chai aliyokunywa asubuhi lakini hukumbuka bei ya pamba ya ujana wake.

Kupima huchukua dakika chache. Mzigo uko katika miaka inayofuata.

Chukua bibi wa miaka 78 wa Bunda mjini, wa kubuni lakini wa kawaida kabisa. Asubuhi yu mzima: anachambua dagaa, anawasalimia wapita njia. Saa kumi na moja jioni anafunga khanga zake kwenye kiroba, anataka kwenda "nyumbani" Butiama, kwa mama yake aliyezikwa kabla ya Uhuru. Akizuiwa anapiga mayowe kwamba ametekwa. Jirani mmoja anayatazama macho yake, yaliyoiva kwa miaka sitini ya moshi wa jikoni, na kuanza kunong'ona lile neno ambalo Kanda ya Ziwa limewagharimu vikongwe wengi maisha yao.

Saa ile ya jioni ina maelezo yake. Ndani ya ubongo mna saa inayoongoza usingizi na uamsho, na demensia huiharibu. Ongeza uchovu wa siku nzima, mwanga unaofifia, vivuli vinavyogeuka watu ukutani, na pilika za nyumba ambayo kila mmoja anarudi wakati mmoja. Uchawi haumo.

Katika hatua hii ndipo wanafamilia huanza kuulizana kama kuna mahali pa kumpeleka. Swali hilo lingoje kidogo. Kwanza apimwe: liko dirisha la wazee hospitalini, na kwa watu wa Musoma iko Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere, pale Kwangwa. Tezi ya shingo ikizembea, vitamini B12 ikipungua, VVU, kaswende, sonona, au damu iliyovuja chini ya fuvu baada ya kuanguka, vyote vinaweza kuigiza demensia, na vina matibabu. Hata dawa za kawaida zina lawama: Piritoni ya mafua na amitriptilini ya maumivu huvuruga akili ya mzee kuliko ya kijana. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, asiambiwe ni uzee. Huenda ni malaria, nimonia, au maambukizi ya njia ya mkojo, naye anahitaji daktari leo.

Tuseme yote hayo yameangaliwa na jibu limebaki demensia. Mkoa wa Mara una makazi ya wazee ya Serikali, nayo ni Nyabange, wilayani Butiama, ndugu wa Bukumbi ya Mwanza, Kolandoto ya Shinyanga na Nunge ya Dar es Salaam. Ila Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka wazi: familia na jamii ndizo za kwanza kumtunza mzee, na makazi ni hatua ya mwisho, kwa asiye na ndugu wala uwezo. Njia ya kuingia hupitia kwa afisa ustawi wa jamii. Mfanyakazi wa Musoma mwenye mshahara hawezi kumshusha mama yake getini kama anavyompeleka mtoto bweni.

Kwa hiyo familia nyingi za Mara hutegemea "makazi" ambayo hayana kibao: nyumba ya kaka mkubwa, chumba cha uani, au msaidizi wa kulipwa aliyeletwa kutoka kijijini. Maswali ya ukaguzi ni yale yale yanayopaswa kuulizwa Nyabange au kwenye makazi ya shirika la dini. Tofauti ni kwamba nyumbani hakuna anayethubutu kuyauliza, maana kumkagua kaka ni matusi.

La kwanza, na huku Mara ndilo zito kuliko yote, ni lugha. Ndani ya mkoa mmoja kuna Kijita, Kizanaki, Kikurya, Kiikizu, Kijaluo, na nyingine kadhaa. Kiswahili kwa wazee wengi kilikuja baadaye, shuleni au sokoni. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alikuwa na umri wa miaka 12 hivi alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma. Utoto wake ulikuwa wa Kizanaki. Demensia huelekea kula lugha iliyokuja mwisho na kuiacha ya kwanza. Nchini Sweden watafiti waliona wazee wa Kifini wenye demensia wakipotewa na Kiswidi chao, na wakielewana vizuri zaidi na wahudumu waliozungumza Kifini. Bibi wa Kijita anayesemwa "haongei siku hizi" pengine anaongea sana, hakuna anayemjibu. Mkaguzi aulize: kati ya wanaomwosha na kumlisha, nani anajua lugha ya mama yake? Hata maneno ishirini, ya maji, njaa, maumivu na choo, ni mtaji.

La pili ni sahani. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walichapisha jaribio dogo, la wagonjwa tisa tu wa Alzheimer iliyokomaa. Walipobadilishiwa vyombo vyeupe wakapewa vyekundu vinavyong'aa, ulaji uliongezeka kwa asilimia 25 na unywaji kwa asilimia 84. Wagonjwa tisa si ushahidi wa kuapia. Lakini Alzheimer hupunguza uwezo wa macho na ubongo kutofautisha kilicho hafifu, na ugali wa sembe kwenye sahani nyeupe ya plastiki ni hafifu hasa. Ugali wa mtama na muhogo, ule wa rangi ya udongo, unaonekana wenyewe. Sahani nyekundu sokoni Musoma si ghali. Kati ya mambo yote katika makala haya, hili ndilo linaloweza kufanyika kabla ya chakula cha jioni. Mkaguzi abaki mpaka mezani. Aone kama samaki ametolewa miiba, kama mlishaji ameketi au amesimama akiharakisha kijiko, na kama kikombe cha maji kiko mahali mkono unafika.

Kanuni hiyo ya rangi inahamia mlangoni. Mlango wa choo uliopakwa rangi moja na ukuta ni sawa na ukuta, na baadhi ya wanaoitwa vikojozi wameshindwa tu kuuona. Kopo moja la rangi ya njano linaweza kubadili mengi. Sakafu ya vigae vinavyometa huonekana kama dimbwi, mzee akagoma kuivuka. Hapa familia hucheka, na haki yao. Ila anayegoma haoni cha kuchekesha.

Dawa na kamba ya kumfungia mzee ni swali moja, kwa sababu mara nyingi hufanya kazi moja: kumnyamazisha mtu. Tangu mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani imetahadharisha kuwa dawa za kutuliza wagonjwa wa akili huongeza hatari ya kifo kwa wazee wenye demensia, na mwaka 2008 onyo hilo likapanuliwa kwa zile za zamani kama haloperidol. Zina nafasi yake, kwa muda mfupi, pale mzee anapojihatarisha au kuhatarisha wengine na daktari anafuatilia. Makazi yanayojisifu kwamba "wazee wetu ni watulivu sana" saa nne asubuhi, wote wamelala vitini, yaulizwe wamekunywa nini.

Kisha kuna desturi ambayo wengi huiona ndiyo haki yenyewe, nayo ni zamu za watoto. Mama anakaa miezi miwili Musoma, miwili Mwanza, miwili Dar es Salaam. Kwa watoto ni mgawanyo safi. Kwa mgonjwa ni balaa, maana kila hamisho linamnyang'anya njia ya chooni aliyokuwa ameanza kuijua, sauti za alfajiri, na uso wa anayemletea uji. Afadhali mama abaki mahali pamoja, watoto ndio wazunguke, na asiyeweza kuja alipe. Ni shauri gumu kulitoa kwenye kikao cha ukoo, lakini ubongo unaopoteza ramani hauhitaji mji mpya kila miezi miwili.

Uholanzi, karibu na Amsterdam, kilifunguliwa mwaka 2009 kijiji kiitwacho Hogeweyk, kilichojengwa kwa ajili ya watu wenye demensia peke yao. Wanaishi katika nyumba za watu wachache wenye mwenendo wa maisha unaofanana, wanakwenda dukani, wanapika, wanazunguka uwanjani bila kuzuiwa, huku eneo lote likiwa salama. Wageni kutoka dunia nzima huenda kujifunza. Mtu wa Butiama akisimuliwa ataona kitu anachokijua: uwanja wa boma, kuku, moshi wa jikoni, watu wanaopita wakisalimu. Uholanzi ililipa fedha nyingi kujenga hali ya kawaida. Ambacho boma halina ni zamu. Hogeweyk ina wahudumu waliofunzwa wanaopokezana; Bunda kuna binti mmoja, mchana na usiku, na akichoka ndipo mikono inapokuwa mizito.

Zamu huokoa hata nje ya ukuta. Musoma iko ukingoni mwa ziwa, na mzee anayetafuta njia ya nyumbani anaweza kuishia majini. Vijana wa bodaboda wa kijiweni wakijulishwa jina lake na namba ya simu ya familia, mji mzima unakuwa na macho.

Na mchana? Kukaa tu huchakaza. Hai hiyo hiyo ilijaribiwa tiba ya kuchangamsha akili, iliyotoka Uingereza ikatengenezwa upya kwa wasiosoma: vipindi 14 vya kikundi, nyimbo, mazungumzo ya zamani, kazi za mikono. Watafiti walipima washiriki na kuona nafuu ya uwezo wa akili na ya ubora wa maisha, bila dawa yoyote. Katika ukaguzi swali lake ni jepesi: mzee huyu ana kazi gani leo? Kupukuchua mahindi ni jibu. Televisheni siyo.

Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, wageni hufika kwenye makazi ya wazee nchini na sabuni, unga na mafuta. Vinahitajika, wavilete. Ila anayetaka kujua mahali panafaa kwa baba yake au mama yake, pawe makazi ya Serikali au nyumba ya shemeji, aombe ruhusa aende siku isiyo ya sherehe, kama saa kumi na moja na nusu jioni. Aketi kwenye benchi, asiulize kitu, akae hadi taa ziwashwe, aone ni nani anamfuata mzee wa kwanza atakayesimama na kusema anakwenda nyumbani.