Mwanafunzi wa Kiswahili na Maombi ya Kusomea Kichina Nchini Uchina

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kusomea Kichina aghalabu huulizwa iwapo amekichoka Kiswahili. Swali hilo limepotoka. Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili redioni mwaka 1961, na tangu miaka ya 1960 lugha yetu imekuwa ikifundishwa katika Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing. Iwapo nasi hatutajifunza lugha yao kwa kiwango hicho, tafsiri baina ya lugha hizi mbili itabaki mikononi mwa upande mmoja au itapitia Kiingereza. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuomba nafasi ya masomo hayo, na namna taaluma ya Kiswahili inavyoweza kuyapa maombi uzito.

Ufadhili unaofahamika zaidi ni ule wa Serikali ya Uchina. Huombwa kwa njia kuu mbili: kupitia serikali ya nchi ya mwombaji pamoja na ubalozi wa Uchina, au moja kwa moja katika chuo kikuu cha Uchina kilichopewa nafasi hizo. Upo pia ufadhili maalumu wa walimu wa Kichina, ambao huhitaji mapendekezo ya taasisi kama zile za Confucius. Ile ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2005, ilikuwa ya kwanza barani Afrika. Nyingine zimo katika vyuo vikuu vya Kenyatta, Egerton na Moi. Huko ndiko mwanafunzi huweza kuanza masomo na kujiandaa kwa mtihani wa HSK, unaopima umilisi wa Kichina. Shahada ya kwanza inayofundishwa kwa Kichina aghalabu hudai daraja la nne la mtihani huo.

Katika ufadhili wa Serikali, umri huzingatiwa: mwombaji wa shahada ya kwanza awe chini ya miaka 25, wa uzamili chini ya 35, na wa uzamifu chini ya 40. Anayeomba uzamili au uzamifu hutakiwa kuwasilisha barua mbili za mapendekezo kutoka kwa maprofesa au maprofesa washiriki. Barua ya mhadhiri wa cheo cha chini haitoshi, hata kama ndiye amjuaye zaidi. Fomu ya uchunguzi wa afya isiyo na sahihi ya daktari na muhuri wa hospitali haikubaliwi, na matokeo yake hudumu kwa miezi sita tu. Hali kadhalika, nauli ya ndege mara nyingi haimo katika ufadhili.

Hata hivyo, nyaraka hizo kila mwombaji huwa nazo. Kinachomtofautisha ni mpango wa masomo, ambao huandikwa kwa Kichina au Kiingereza. Kusema kwamba Uchina imeendelea kiuchumi ni kauli iwezayo kuandikwa na yeyote. Mwanafunzi wa Kiswahili ana hazina yake. Kwa mfano, Kichina husema "san ben shu" kwa maana ya "vitabu vitatu". Neno "ben" hutenganisha idadi na nomino, nalo hutumiwa kuhesabia vitabu na vitu vya jinsi hiyo. Kiswahili, kwa upande wake, huainisha nomino kwa ngeli, na kiambishi "vi-" hujitokeza katika nomino na katika idadi pia. Je, mifumo hii miwili huviainisha vitu kwa misingi ipi? Swali kama hili humwonyesha msomaji wa maombi kwamba mwombaji anajua anachokifuata, na kwamba Kiswahili ndicho kilichomwelekeza huko.

Masomo huanza Septemba, na maombi mengi hupokelewa katika miezi ya kwanza ya mwaka huo huo. Kwa hivyo mtihani wa HSK na barua za maprofesa vishughulikiwe mwaka unaotangulia. Atakayekubaliwa kwa masomo yanayozidi siku 180 huomba viza ya X1, kisha huomba kibali cha ukaazi katika siku 30 za kwanza baada ya kuingia Uchina. Wanachama wenzetu wenye nia hii na waanze sasa, kwani chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.