Perigi, Apogi na Bamvua la Mtwapa

Obiti ni njia inayofuatwa na mwezi, sayari au setilaiti katika kukizunguka kitu kikubwa kinachoivuta. Jina linatokana na neno la Kilatini orbita, yaani alama ya gurudumu barabarani. Asili hiyo inapotosha kidogo, maana aghalabu obiti si duara kamili. Mwaka 1609 Johannes Kepler alionyesha kwamba Mirihi hupita katika duaradufu, na Jua haliko katikati yake bali limeegemea upande mmoja.

Ndiyo maana obiti huwa na mahali pa karibu na mahali pa mbali. Majina ya sehemu hizo ni ya Kigiriki: peri ni karibu, apo ni mbali, kisha hufuata jina la kinachozungukwa. Ge ni Dunia, ndipo tunapata perigi na apogi. Helios ni Jua, na hapo Kepler aliunda perihelio na afelio. Wanafalaki wa Kiarabu walikuwa na maneno yao, hadhidhi na auji, na hili la pili liliingia hata katika Kilatini cha Ulaya.

Katika hori la Mtwapa, perigi huonekana majini. Mwezi ukiwa perigi huwa umbali wa wastani wa kilomita 363,000 hivi. Ukiwa apogi, 405,000. Tofauti hiyo yaonekana ndogo, lakini nguvu inayoinua maji hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali, hivyo perigi huizidi apogi kwa karibu asilimia 40. Mwezi huirudia perigi kila siku 27.55, ilhali kutoka mwandamo hadi mwandamo ni siku 29.53. Kwa hiyo perigi hukutana na mwandamo au mwezi mpevu kila baada ya miezi 7 hivi, na hapo bamvua huzidi: maji hupanda zaidi kwenye mikoko, na yakipwa, mwamba hubaki wazi mbali zaidi.

Istilahi nyingine ni mwinamo, yaani pembe kati ya obiti na ikweta. Setilaiti Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilikuwa na mwinamo wa nyuzi 3 tu. Ngomeni iko nyuzi 3 hivi kusini ya ikweta, na roketi ikielekezwa mashariki moja kwa moja, mwinamo hulingana na latitudo ya mahali iliporushwa.