Namba Ishirini za LUKU

Wanadarasa mlioko Mbagala, Rangi Tatu, Charambe na Kizuiani, nanyi mlioko mahali pengine, kaeni karibu na redio. Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo kuna namba za kuandika.

Tutazungumza juu ya chombo kilichomo katika nyumba nyingi zenye umeme, nacho ni mita ya LUKU. Watu hukitumia kila juma, lakini ni wachache wanaojua kinavyofanya kazi. Kwa sababu hiyo taa ikiwaka hawakikumbuki, na taa ikizimika hukitukana. Barazani twasikia maneno mengi. Mmoja husema, "Mita yangu inakula umeme." Wa pili husema, "Uniti za mwanzo wa mwezi ni chache, tunaibiwa." Wa tatu husema, "Namba zimegoma, basi nimempa kijana wa dukani aniingizie." Tuyatazame maneno haya moja moja. Mengine yana kweli ndani yake, na mengine hayana.

MITA INAYOKULA UMEME

Jina LUKU limetokana na maneno haya: Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo. Zamani mteja alitumia umeme kwanza, kisha akaletewa hesabu yake. Asipolipa, fundi alikuja kukata waya. Katika miaka ya 1990 TANESCO walianza kuweka mita za namna mpya. Kwa mita hizi mtu hulipa kwanza, ndipo atumie.

Umeme hupimwa kwa uniti, kama mafuta ya taa yapimwavyo kwa lita. Uniti moja ni umeme unaotumiwa na chombo cha wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa moja nzima, imekula uniti moja. Taa ya wati 10 hula uniti moja kwa saa 100. Ukiwasha taa hiyo saa 5 kila usiku, uniti moja itakutosha siku 20. Tazama tofauti yake: pasi humaliza kwa saa moja kile ambacho taa hukimaliza kwa siku 20.

Basi yule asemaye kwamba mita inakula umeme, kwanza na atazame vyombo vyake. Kila chombo cha kutoa joto, kama pasi, jiko la umeme na birika la umeme, hula umeme mwingi. Friji nayo ina kazi usiku na mchana. Mpira wa mlango wake ukichakaa, baridi hutoka nje, na mashine haipati kupumzika. Mama anayegandisha barafu za kuuza, huku mpira wa friji yake ni mbovu, anagawana faida yake na hewa.

Lakini huenda mlalamikaji ana haki. Fanyeni jaribio hili. Chomoa vyombo vyote na uzime taa zote. Soma uniti zilizobaki, uziandike katika daftari pamoja na saa. Baada ya saa mbili soma tena. Zikiwa zimepungua, kuna umeme unaopita mahali usipopajua. Pengine waya ni mbovu, pengine chumba kingine kimeunganishwa. Hapo ita fundi mwenye leseni, au upeleke habari TANESCO pamoja na namba ulizoandika. Malalamiko yenye namba husikilizwa kuliko malalamiko yenye makelele.

BARUA ILIYOFUNGWA

Sasa tufike kwenye namba zenyewe. Ununuapo umeme, hupewa tarakimu 20. Watu wengi huuliza: mita yajuaje kwamba nimelipa?

Fikirini namba hizo ni barua iliyofungwa. Ndani yake mmeandikwa uniti ngapi zimenunuliwa, na wakati barua ilipoandikwa. Barua imefungwa kwa kufuli la hesabu, na mita yako ina ufunguo wa kuifungua. Wewe ndiwe tarishi. Unaichukua barua kwenye simu na kuipeleka kwenye mita kwa kidole chako.

Kutokana na habari hiyo twajifunza mambo matatu. La kwanza, namba za mita moja hazifungui mita nyingine. Ukinunua kwa namba ya mita ya jirani, umemnunulia jirani. La pili, namba haitumiki mara mbili, maana mita huikumbuka. La tatu, ukikosea tarakimu moja, mita huikataa barua nzima. Usiogope. Fedha yako haijapotea, na barua bado ni nzima. Anza tena pole pole.

Njia nzuri ya kusoma ni kuzigawa tarakimu 20 katika makundi matano ya nne nne. Andikeni namba hii, ambayo ni ya kujifunzia tu:

4071 6625 0398 1754 2260

Funika makundi yote kwa karatasi, uache la kwanza. Libofye, kisha tazama kioo kama ndivyo. Sogeza karatasi, ufanye la pili. Angalia sana 1 na 7, tena 6 na 9. Mwishoni bofya kitufe cha kuthibitisha, ungoje kidogo.

Hapa yapasa tuseme kweli. Chombo hiki kingeweza kuwa chepesi zaidi kwa mtumiaji. Vioo vingine ni vidogo, na usiku havisomeki. Kile kifaa cha kubofyea ambacho wengi hukiita rimoti hutumia betri, nazo zikiisha mtu hubaki na namba mkononi bila njia ya kuziingiza. Mzee anayeshindwa kusoma maandishi madogo kama mtama si mjinga. Mwekee betri za akiba, na kurunzi karibu na mita.

TARAKIMU SITINI ZA MWAKA 2024

Huenda mnakumbuka mwaka 2024, watu waliponunua umeme wakaletewa makundi matatu ya tarakimu ishirini ishirini, yaani tarakimu 60. Wengi walidhani ni makosa, na wengine walidhani ni ujanja wa matapeli. Sababu yake ilikuwa hii.

Mita hizi hufuata utaratibu uliotengenezwa Afrika Kusini, ambao sasa hutumika katika nchi nyingi. Katika utaratibu huo wakati ulikuwa ukihesabiwa kwa dakika, kuanzia tarehe 1 Januari 1993. Lakini nafasi ya kuandikia dakika hizo ina mwisho. Huingia dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ni kama saa ya pikipiki inayohesabu kilometa: ikifika 99,999 hurudi kwenye sifuri. Mita ambayo haikurekebishwa ingeziona namba mpya kuwa za zamani, ikazikataa, hata kama mteja amelipa.

Kwa hiyo tangu Julai 2024 TANESCO waliwapa wateja namba za kurekebisha mita. Makundi mawili ya kwanza yalibadili ufunguo, na la tatu lilileta uniti. Aliyeanza na la tatu alikataliwa, kwa kuwa ufunguo ulikuwa bado wa zamani. Aliyejua kusoma namba alimaliza kazi kwa dakika chache. Asiyejua alingoja mtoto arudi shule, au alimtafuta mtu wa kumsaidia.

UNITI CHACHE MWANZO WA MWEZI

Yule wa pili alisema kwamba mwanzo wa mwezi tunaibiwa. Mita haikuiba kitu. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kwa njia ya LUKU. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwezi wa Julai 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 1,500. Hukatwa unaponunua umeme mara ya kwanza katika mwezi. Mathalani umelipa shilingi 5,000. Toa 1,500. Zilizobaki za kununulia umeme ni 3,500. Usiponunua kabisa mwezi mmoja, mwezi unaofuata hukatwa ya miezi miwili.

Hata hivyo mlalamikaji ana neno la haki. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Lakini Mbagala nyumba nyingi zina wapangaji, na anunuaye umeme ndiye atoaye fedha kwanza. Basi aandike kila mwezi katika daftari: tarehe, fedha alizolipa, na kodi iliyokatwa. Shilingi 1,500 mara miezi 12 ni shilingi 18,000. Akae na mwenye nyumba kwa heshima, amwonyeshe daftari, wapatane jinsi ya kuzirudisha au kuzipunguza katika kodi ya chumba. Ni vigumu mtu kubishana na maandishi.

Kuna jambo jingine linalovunja ujirani. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo alitozwa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Zilizozidi 75 zilikuwa shilingi 350 kila moja, kabla ya makato mengine. Sasa chukueni nyumba ya vyumba sita yenye mita moja. Kila chumba kikitumia uniti 15, jumla ni uniti 90. Uniti 75 za kwanza ni shilingi 7,500. Uniti 15 zilizozidi ni shilingi 5,250. Jumla ni shilingi 12,750. Kama kila chumba kingekuwa na mita yake, wote sita wangelipa jumla ya shilingi 9,000. Hakuna aliyetumia ovyo, ila mita moja imebeba watu wengi.

Katika nyumba kama hiyo, mwenye taa moja na simu hapendi kuchanga sawa na mwenye friji na pasi. Ana haki. Msigombane ukumbini. Andikeni vyombo vya kila chumba, wati zake na saa zake, mgawe michango kwa hesabu.

USIMPE MTU NAMBA YA SIRI

Sasa yule wa tatu, aliyempa kijana simu. Vijana wengi ni waaminifu. Lakini ukimpa mtu simu yako pamoja na namba ya siri, umempa ufunguo wa sanduku lako la fedha, naye akiwa mwizi hutajua mpaka sanduku liwe tupu. Ukitaka msaada, mwambie akuelekeze, wewe ubofye. Kabla ya kuthibitisha malipo soma namba ya mita, ambayo ina tarakimu 11, usome na kiasi cha fedha. Jina la mwenye mita likionyeshwa, lisome pia. Ukisha kununua, usiufute ujumbe.

Tena usingoje mpaka uniti ziishe kabisa. Mwezi wa Mei 2021 mtambo wa kuuzia LUKU uliharibika, na kwa siku kadhaa watu walishindwa kununua. Hata wenye fedha mkononi walikaa gizani. Jiwekee uniti chache za akiba, kama unavyoweka unga wa siku mbili.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Birika la wati 2,000 likiwaka nusu saa, litakula uniti ngapi?
2. Kwa nini namba ulizonunua haziwezi kuingia katika mita ya jirani?
3. Umelipa shilingi 4,000 mwanzo wa mwezi. Kodi ya jengo ikikatwa shilingi 1,500, zabaki ngapi za umeme?
4. Someni usiku wa leo uniti zilizobaki nyumbani kwenu, mziandike. Zisomeni tena kesho usiku saa ile ile, mje na hesabu.

Asiyeweza kuisoma mita peke yake leo, aisome pamoja na mwenzake. Juma lijalo ajaribu mwenyewe. Kwaherini.