Kosa si la mwarobaini

Mwaka juzi nilinunua kinyago cha ndovu mjini Mombasa. Muuzaji aliniapia kuwa ni cha muhugu, nami nikaamini, kwani kilikuwa kimepakwa rangi ya viatu kikameremeta. Haikutimia miezi miwili, ndovu wangu akapasuka mgongoni. Seremala jirani yangu alikwaruza rangi ile, akaunusa mti, akacheka: mwarobaini mbichi! Wenzangu walilaani mti huo. Mimi sikubaliani nao.

Naukiri ubora wa muhugu. Ni mti mgumu na mzito, wenye nyuzi laini zilizoshikamana, hata fundi huweza kuchonga sikio jembamba la swara lisimeguke. Mchwa hauuwezi, kwa hiyo watu waliukata kwa nguzo za ua, matumizi ambayo kwangu ni kama kukatia kuni kitanda cha arusi. Una mafuta yanayonukia mithili ya msandali. Nao wachongaji wa Kikamba, ambao ufundi wao ulichipuka Wamunyu baada ya Mutisya Munge kujifunza kwa Wazaramo wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, waliuenzi mno.

Sifa hizo ndizo zilizouponza. Muhugu hukua polepole sana, mbegu zake nyingi hazioti, na shina la mti mkuu aghalabu huwa na uvungu, hivyo hukatwa miti mingi ili kupata magogo machache mazima. Anayeukata katika msitu wa Arabuko-Sokoke, kati ya Kilifi na Malindi, huyabomoa pia makao ya bundi mdogo wa Sokoke, ndege ambaye nje ya msitu wa pwani yetu hujulikana tu kwenye Usambara, Tanzania.

Mwarobaini, mgeni kutoka Bara Hindi, humea upesi uani kwa mkulima, naye hulipwa auuzapo. Mti wake una rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, na wadudu hawaupendi. Ila hautaki haraka. Gogo hukatwa vipande, ncha zake zikapakwa nta au rangi ili maji yasitoroke kwa pupa, kisha vipande hupangwa kivulini kwa nafasi, hewa ipite, kwa majuma mengi. Je, mchongaji anayetafuta unga wa jioni atangoja kwa fedha zipi? Sisi wanunuzi twapigania bei hadi shilingi ya mwisho, kisha twashangaa mti ukipasuka. Yule muuzaji alinidanganya, naam, lakini nami nilikuwa nimemteremshia bei hadi nusu.

Ndovu wangu sasa yuko darasani. Wanafunzi huupima ufa wake kwa rula kila Ijumaa na kuandika vipimo ukutani. Mvua za masika zilipoanza, ufa ulipungua milimita moja, nao wakaniuliza ni kwa nini. Nikawarudishia swali lao.