Kitenzi "dwell" na Tafsiri Yake

Kitenzi cha Kiingereza "dwell" hakikuanza na maana ya makazi. Katika Kiingereza cha Kale kilimaanisha kupotosha au kuzuia. Baadaye kikawa kukawia, na mwenye kukawia mahali mwisho huwa mkazi wa hapo. Maana ya kukawia ingali hai katika "dwell on", yaani kulishikilia jambo kwa fikira au maneno. Basi mfasiri anayeandika "ishi" kila mara hukosea, kwani kitenzi hicho, chenye asili ya Kiarabu, hutaja kwanza uhai. "Kaa" hukaribia zaidi: aliyekaa Lamu, aliyekaa kitini na aliyekaa sana sokoni, wote wametua. Hata hivyo "kaa" haibebi fikira. Hapo "shikilia" ndiyo ifaayo.