Mali Bila Daftari

Labda unaye kijana nyumbani asemaye: "Baba, nataka kufanya biashara. Nisome kitabu gani?" Usimcheke. Swali lake ni jema. Leo tulijibu kwa kutazama kisiwa cha Mafia, ambako nazi, pweza na dagaa hupatikana, lakini bahari imekaa kati ya mwenye mali na soko la Dar es Salaam.

Kitabu cha kwanza ni cha kale mno. Kinaitwa Periplus ya Bahari ya Erithrea. Kiliandikwa kwa Kigiriki na mfanya biashara ambaye jina lake halijulikani, yapata miaka 1,900 na zaidi iliyopita. Ndani yake imetajwa bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na kisiwa cha Menuthias, ambacho wataalamu wengine husema ni Mafia, wengine Unguja au Pemba. Mwandishi ataja vitu vya kupeleka: mikuki, mashoka, visu na shanga, na vya kununua: pembe za ndovu na magamba ya kasa. Tena asema wageni walichukua divai na ngano, si kwa kuuza, bali kwa kuwakirimu wenyeji wapate kupatana nao. Basi jifunze hapa: kwanza ujue watu wanataka nini, kisha ujue kwamba urafiki nao ni mtaji.

Kitabu cha pili ni cha Reginald Mengi, mzaliwa wa Kilimanjaro, kilichotoka mwaka 2018 kwa jina I Can, I Must, I Will. Bwana huyu, aliyefariki mwaka 2019, alisomea uhasibu Uingereza. Utajiri wake mkubwa ulianza na kazi ndogo ya kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Kitabu ni cha Kiingereza. Mwanao aliye sekondari na akusomee jioni na kukueleza. Lakini angalia jambo moja: kabla ya kuwa tajiri, alikwisha jua hesabu.

Kwa hiyo kitabu cha tatu ndicho kikubwa, nacho hakijaandikwa bado. Ni daftari lako mwenyewe.

Chukua mfano. Kijana wa Mafia anunua nazi 1,000 kwa shilingi 500 kila moja. Atoa shilingi 500,000. Dar es Salaam bei ni shilingi 700. Afurahi, asema, "Nitapata faida ya 200,000!" Haya, tuandike. Gari mpaka bandari ya Kilindoni 40,000. Chombo cha baharini 60,000. Makuli 20,000. Nauli na chakula chake 45,000. Nazi 50 zimeoza au kuvunjika, hasara 35,000. Jumlisha: 200,000. Je, faida iko wapi? Bei hizi ni za mfano tu, lakini mtu asiyeandika aweza kusafiri hivyo mwaka mzima, akidhani anatajirika, kumbe anachoka bure.

Piga mistari, upate sehemu tano: tarehe, jambo, fedha iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki. Mchele wa nyumbani ukinunuliwa kwa fedha ya biashara, uandikwe. Nyuma ya daftari andika madeni: jina la mtu, kiasi, na siku ya kulipa. Usione haya kumwandika ndugu yako. Kuandikiana kunalinda undugu.

Nawe baba, mwonyeshe mkeo daftari hilo. Maana siku ya msiba hodi hupigwa na wengi. Mmoja asema, "Marehemu alikuwa na deni langu." Lakini aliyekopa kwa marehemu hukaa kimya. Mjane asiye na maandishi atajibu nini? Atauza minazi ya watoto ili alipe deni ambalo pengine lilikwisha lipwa. Daftari la shilingi chache lingemwokoa.

Wazee walisema kweli: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi kijana wako akiuliza aanze na kitabu gani, mpe daftari na kalamu jioni hii hii, mkae pamoja, mwandike fedha iliyomo nyumbani. Huo ndio ukurasa wa kwanza.