Betri za Kubadilisha na Barabara ya Rumonge

Uhaba wa petroli ulioisumbua Burundi, hasa tangu mwaka 2021, umefanya vyombo vya umeme visiwe tena hadithi ya nchi za mbali. Lakini swali ni hili: chombo kilichoishiwa umeme kitangoja saa ngapi kabla ya kuondoka tena?

Jibu mojawapo ni kubadilisha betri. Betri tupu hutolewa kituoni, iliyojaa ikatiwa, dereva akashika njia. Ile tupu hubaki ikijazwa umeme. Askari anaufahamu utaratibu huu. Vitani hangoji magazini ijazwe risasi, hupachika nyingine iliyo tayari. Anafahamu pia kwamba magazini ya bunduki moja haiingii katika bunduki ya namna nyingine. Hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Kampuni ya Better Place, iliyoanzishwa mwaka 2007, ilijaribu mpango huo nchini Israel. Betri ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200, ikahitaji mitambo ya gharama kubwa, na karibu gari lake lilikuwa la aina moja tu, Renault Fluence. Mwaka 2013 kampuni ilifilisika. Huko China, kampuni ya NIO imejenga vituo zaidi ya 2,000, kwa mtaji mkubwa sana.

Karibu na nyumbani, mjini Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza na pikipiki mwaka 2019. Betri zake huinuliwa kwa mikono, na kazi huchukua dakika chache tu.

Basi Rumonge ianzie kwenye pikipiki. Toka Bujumbura ni kilometa zipatazo 70, kwa barabara moja ifuatayo mwambao kupitia Kabezi, Magara na Minago. Vituo vichache vingewahudumia wabebao abiria, samaki na mawese. Hata hivyo, umeme wa hakika unatakiwa. Miradi ya maji ya Jiji na Mulembwe, yenye megawati zipatazo 49, inatia matumaini. Aidha, vituo vijengwe mahali palipoinuka, kwani mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia katika makazi ya watu.

Zaidi ya yote, ndugu wasikilizaji, hapana budi kipimo kimoja cha betri kikubaliwe kabla ya pikipiki kununuliwa. Doria iliyokwama kwa kukosa petroli ni hatari kwa raia. Doria iliyokwama kwa sababu betri iliyopo haiingii ni hatari ile ile.